Re: Kwa nini F-35B ibebe feni isiyo na kazi angani?

Mkuu, umeuliza kwa nini F-35B, ndege ya kivita inayoweza kutua wima, imewekewa feni ya kuiinua, na kwa nini wasingegeuza tu moshi wa injini uelekee chini kama kwenye Harrier, ndege ya kivita ya zamani zaidi inayotua wima, na pia unataka kujenga modeli ya kupaa wima. Hizi feni za umeme za ndani ya bomba nimezichezea sana, acha nianzie hapo.

Funga feni ndogo ya bomba juu ya mizani ya jikoni, ipulize hewa juu, usome inakandamiza gramu ngapi. Itapiga mluzi, na waya wa betri utaunguza vidole. Sasa weka pangaboi pana linalozunguka taratibu, ulete gramu zilezile: waya hata haupati moto. Ukisukuma hewa mara mbili zaidi kwa nusu ya kasi, msukumo unabaki uleule ila nguvu inayoliwa ni nusu. Moshi wa injini ya jeti ni hewa kidogo yenye kasi kubwa mno, kwa hiyo kuelea kwa moshi mtupu ni ghali.

Harrier nayo ina feni, tena kubwa, ila ni sehemu ya injini yake ya Pegasus na huwezi kuizima. Unaruka nayo safari nzima, na ndege haikuweza kuvuka kasi ya sauti ikiwa usawa. Paul Bevilaqua, mhandisi wa Lockheed, kampuni inayotengeneza F-35, akaja na wazo la kuitenga: feni ikae nyuma ya rubani, izungushwe na shafti kutoka injini kuu, katikati kuwe na klachi. Ukitaka kuelea klachi inaunganisha feni na injini, ukimaliza inaitenganisha. Mwaka 2001 X-35B, ndege ya majaribio iliyozaa F-35B, ilipaa kwa mbio fupi, ikavuka kasi ya sauti, ikatua wima, yote katika safari moja.

Feni hiyo ina upana wa kama mita 1.27, na sahani zake mbili zinazunguka kinyume. Inainua karibu tani 9, bomba la nyuma la moshi, likiwa limegeuzwa chini, linainua kama tani 8, na zilizobaki zinatoka kwenye matundu ya mabawa. Halafu hewa ya feni ni ya baridi, inauzuia moshi wa nyuma usirudi kumezwa na injini. Injini ikivuta hewa ya moto inapoteza nguvu wakati mbaya kabisa, umebakiza mita chache kugusa chini.

Gharama ipo. Feni imekaa mahali pa mafuta: F-35A, toleo la uwanja wa kawaida lisilo na feni, inabeba zaidi ya tani 8 ndani, B kama tani 6. Ndiyo maana ikiwa na mzigo inapaa kwa mbio fupi, kutua wima ni wakati wa kurudi, mafuta yameshapungua. Mimi naona biashara hiyo inalipa kwa mwenye meli fupi tu. Mwenye uwanja mrefu achukue A.

Kwa modeli yako, nunua feni pana kuliko unavyodhani unahitaji, na mdomo wa bomba uuviringishe. Ukingo mkali unakula msukumo kabla hata hujaunganisha betri ya pili.