Nataka kazi ya chumba cha upasuaji

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, niko Columbus, Ohio, napanga mizigo ghalani. Nataka kuwa fundi wa vifaa vya upasuaji, yule anayemkabidhi daktari vifaa wakati wa oparesheni. Chuo kimoja kinaniambia miezi michache tu inatosha. Nilipe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujatoa hata dola moja, uliza kama mafunzo yao yameidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika yanayokagua mafunzo ya afya huku Marekani. Kama hayajaidhinishwa, mtihani wa CST, ule wa cheti cha kazi hii, utausikia tu kwa wenzako. Mimi sikuuliza; nikapoteza ada na mwaka mzima, na mpaka leo roho inaniuma.

Chuo cha kweli kitakupeleka hospitalini, ushiriki oparesheni 120. Mle chumbani, mikono haishuki chini ya kiuno wala haigusi uso, hata pua ikiwasha. Kishikio cha sindano unakiweka kiganjani mwa daktari kwa nguvu, akihisi bila kuondoa macho kwenye kidonda. Halafu kuhesabu, jambo ninalolipenda kuliko yote: shashi, sindano, kila kitu, kwa sauti, pamoja na nesi, kabla ya kupasua na tena kabla ya kushona. Ikipungua shashi moja, inatafutwa kwanza.

Kusimama saa nyingi ghala limeshakufundisha.