Barua kwa mwanangu: kusifiwa nguvu tu

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, mtangazaji akisema mchezaji mweusi ana nguvu na mbio, ubaguzi uko wapi? Si kamsifu?" Nilikujibu juujuu maana mpira ulikuwa unaendelea. Sasa nimetulia.

Sifa moja peke yake haina ubaya. Mwenye mbio ana mbio, utasemaje? Ila kusanya sifa za mechi nyingi uone zinamwangukia nani. Mwaka 2020 watafiti wa RunRepeat, tovuti ya kuchambua viatu vya michezo, wakishirikiana na PFA, chama cha wachezaji wa kulipwa Uingereza, walichambua kauli zaidi ya 2,000 za watangazaji katika mechi 80 za ligi nne kubwa za Ulaya. Zikitajwa nguvu, uwezekano wa anayezungumziwa kuwa mweusi ulikuwa zaidi ya mara sita ya ule wa kuwa mweupe. Ikisifiwa akili, karibu sifa 63 katika kila 100 zilikwenda kwa weupe. Na lawama za kutotumia akili? Karibu 63 katika kila 100 ziliwashukia weusi. Humo hakuna aliyetukanwa, ndiyo maana ni vigumu kumshika mtu mkono.

Mtazame N'Golo Kanté, yule kiungo mweusi wa Ufaransa. Alichukua ubingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016, mwaka uliofuata akauchukua na Chelsea. Watu wakaimba mapafu yake, na ule utani kwamba dunia imefunikwa na maji, panapobaki pamefunikwa na Kanté. Nilicheka nami. Lakini kukatiza pasi si kazi ya mapafu, mwanangu. Lazima ujue mpira utapita wapi kabla mwenye mpira hajaamua. Ukimsifu mapafu tu, umemnyang'anya miaka yote aliyojifunza.

Magazeti nayo yana yao. Desemba 2018 Raheem Sterling, mchezaji mweusi wa Uingereza, aliweka mtandaoni vichwa viwili vya habari vya gazeti moja la Uingereza. Vijana wawili, wote wa klabu ya Manchester City wakati huo, wote wamewanunulia mama zao nyumba za paundi milioni 2 hivi. Phil Foden, mweupe, akaandikwa kuwa nyota chipukizi aliyemnunulia mama yake nyumba. Tosin Adarabioyo, mweusi, akahesabiwa mshahara wake wa wiki, paundi 25,000, na kukumbushwa kwamba hajawahi kuanza hata mechi moja ya ligi. Mama yake hakutajwa kwenye kichwa hicho. Mimi kama mzazi hapo ndipo paliponiuma: zawadi ileile, mmoja ana shukrani, mwenziwe mfujaji.

Wala usidhani najitoa. Siku ile ile uliyopiga simu, beki mmoja mweusi alipokonya mpira nikapiga kelele, "Mnyama huyo!" Baadaye nikarudia kutazama. Kumbe hakumgusa mtu. Alikuwa keshasogea hatua mbili kushoto, akausubiri mpira kama mtu anayesubiri basi. Mimi niliona misuli kwa sababu ndiyo niliyozoea kuonyeshwa.

Jumapili ukitazama mechi, zima sauti dakika kumi. Mwangalie mchezaji mmoja tu wa katikati, hasa shingo yake, anavyogeuka kutazama huku na huku kabla mpira haujamfikia. Halafu washa sauti, usikie wanamsemaje. Kisha unipigie.

Mama yako