Digrii ya theolojia haimfanyi mtu kuwa padri

Je, upadri ni taaluma kama nyingine, ukimaliza theolojia unakuwa padri? Hapana, kumaliza theolojia hakumpi mtu haki ya upadri. Taaluma unaisomea, unafaulu, unapata cheti, kisha unaomba kazi popote. Wito sharti Kanisa liuthibitishe. Kwa Wakatoliki, hata frateri (mwanafunzi wa upadri) aliyemaliza masomo yote katika seminari kuu kama ya Ggaba, Uganda, hawezi kudai daraja, yaani kuwekwa wakfu kuwa padri. Askofu ndiye humwita, baada ya gombera (mkuu) wa seminari kutoa ushuhuda kuhusu imani, mwenendo na afya ya mwili na akili. Sheria ya Kanisa inataka awe ametimiza miaka 25, na kati ya ushemasi (daraja linalotangulia) na upadri ipite angalau miezi 6. Kwenye ushuhuda wa gombera ndipo baadhi hukwama, maana alama zao za darasani ni nzuri lakini maisha ya sala hayaonekani.

Tofauti kubwa zaidi kati ya taaluma na wito huu ni hii: mhasibu akiacha kazi, yameisha. Padri hata akiondolewa katika hali ya ukleri (asihesabiwe tena miongoni mwa makasisi), daraja lake halifutiki (kanuni ya 290 ya Sheria ya Kanisa).

Ila tusidharau kazi za kawaida. Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri (Matendo 18:3), na muuguzi wa wodini naye anaweza kuwa ameitwa kweli.