Kwa mgeni aliyepangiwa bloku kwenye mita 500 wanaume

Ndugu yangu, ukijitolea kwenye mashindano ya mbio za kuteleza kwenye barafu, zile za njia fupi, huku Montreal, kuna uwezekano mkubwa utapangiwa bloku, yaani kusimama kwenye kona na kurudisha mahali pake vipande vya mpira vinavyoonyesha njia kila vinapogongwa. Wengi wenu mmeingia kwa ajili ya watoto walio kwenye klabu, wengine mnatafuta uzoefu wa Kanada wa kuweka kwenye wasifu wa kazi, na karibu wote mnadhani mmepewa kazi iliyokataliwa na wenzenu. Nimeifanya kazi hii misimu kadhaa na naipenda. Naomba mnisikilize kabla hamjakanyaga barafu, hasa kama siku yenu ya kwanza ni mbio za mita 500 wanaume. Hapo ndipo mtu wa bloku anaweza kuharibu mbio za kijana aliyefanya mazoezi tangu utotoni, au kuumia yeye mwenyewe.

Uelewe uwanja kwanza. Njia ni mzunguko wa mita 111.12 ndani ya barafu ya ukubwa wa hoki, mita 60 kwa 30. Kila kona inaonyeshwa na bloku saba nyeusi za mpira, nazo hazikufungwa popote. Zimewekwa tu juu ya barafu ili mtelezaji akiigonga mojawapo iteleze iende zake, mguu wake upone. Mita 500 ni mizunguko minne na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowachanganya wageni: mstari wa kuanzia uko upande mmoja wa uwanja, wa kumalizia uko upande wa pili. Hesabu kona utaona ni tisa. Maana yake kona ya kwanza baada ya bastola ndiyo hiyo hiyo kona ya mwisho kabla ya kumaliza. Wakipita hapo mara ya kwanza wanasukumana kutafuta nafasi, wakipita mara ya tano wanamalizia kwa nguvu zote zilizobaki. Kiongozi akikuuliza unataka kusimama wapi, mgeni aombe kona ile nyingine. Si woga, ni utaratibu mzuri.

Sasa muda. Mbio nzima ni sekunde 40 hivi. J.R. Celski wa Marekani alikuwa wa kwanza kushuka chini ya 40, Calgary mwaka 2012, na Wu Dajing wa China alichukua dhahabu ya Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018 kwa 39.584. Namba hizi zinakuhusu wewe moja kwa moja. Vijana wakishashika kasi, mzunguko mmoja unachukua sekunde nane na nusu hivi. Kundi la wanne au watano linakupita kwa kama sekunde mbili. Zinabaki sita. Ondoa moja ya kuangalia nini kimegongwa, ondoa mbili za kuwa umesharudi ndani ya mzunguko, nje ya njia yao, na kutulia kabla hawajaingia tena kwenye kona yako. Una sekunde tatu za kazi.

Kwa hiyo usiifukuze bloku iliyoruka. Shika ya akiba mkononi tangu kabla ya bastola, iweke juu ya kitone chake, ile alama ya rangi iliyo kwenye barafu, rudi. Iliyoruka mara nyingi huishia kwenye magodoro ya ukutani na huko haimdhuru mtu. Iache mpaka mbio ziishe. Ikisimama kwenye njia yao, hiyo ndiyo ya kuondoa kwanza, kitone kisubiri. Na kama kuna mtelezaji ameachwa nyuma nusu mzunguko, basi huna nafasi kabisa, kaa ndani. Kanuni inamtaka kila mtelezaji afuate njia hata kama bloku haipo, na waamuzi wana video ya kuona nani amekata kona. Kona yenye bloku sita kwa mzunguko mmoja inavumilika. Mtu mzima aliyechuchumaa katikati ya njia, na vijana wanne wanakuja kwa kasi ya kilomita 45 na zaidi kwa saa, havumiliki.

Wageni hukodolea macho bloku. Angalia watu, hasa yule wa pili. Kwenye mita 500 nafasi za kumpita mtu ni chache, ndiyo maana njia ya ndani wakati wa kuanza inagombewa tangu mchujo wa kwanza kwa kusaka muda mzuri. Aliye nyuma akitaka kupita kwa ndani, utamwona bega la kushoto linashuka mapema kuliko la aliye mbele. Mkono wake wa kushoto unashuka mpaka barafuni. Glavu ya mkono huo ina ncha ngumu kwenye vidole ili iteleze, na utasikia zikikwaruza kabla kiatu hakijafika. Huyo ndiye atakayegonga bloku. Ukishamsoma yeye, mwili wako unakuwa tayari kabla bloku haijaondoka.

Mtu akianguka, usimkimbilie. Tazama kwanza walipo wengine. Mtelezaji akiangushwa kabla ya kilele cha kona ya kwanza, mwanzishaji anaweza kupiga bastola tena na kuwarudisha wote, kwa hiyo sikiliza. Baada ya hapo mbio zinaendelea. Fainali ya Vancouver mwaka 2010 inafaa kila mgeni aitazame: kwenye kona ya mwisho Sung Si-bak wa Korea Kusini alianguka, François-Louis Tremblay wa Kanada akaanguka, Charles Hamelin akavuka mstari akiwa amepoteza mwelekeo na bado akapata dhahabu, na Apolo Ohno wa Marekani akaondolewa kwa kosa. Yote hayo kwa kupepesa jicho. Vyuma vya viatu vile ni virefu na vina makali ya kukata nyama. Kofia ngumu na glavu za kuzuia kukatwa vaa hata kwenye mchujo wa asubuhi usio na watazamaji.

Nimeichelewesha kwa makusudi sehemu ninayoijali kuliko zote, nayo ni dakika chache kati ya mbio moja na nyingine. Wanaume ni wazito na wanasukuma kwa nguvu, wanachimba barafu pale kwenye kilele cha kona na wakati wa kutoka. Ukiona kijana ameteleza nje peke yake, hakuguswa na mtu, nenda kaangalie pale alipopoteza mguu. Chuchumaa upande ambao taa inamulika kinyume chako, mikwaruzo itajitokeza yote. Penye shimo, jaza theluji ya barafu iliyokwanguliwa, lowesha kwa maji, sawazisha kwa kiganja chenye glavu, subiri igande. Penye mikwaruzo ya kawaida, maji kidogo yaliyotandazwa vizuri yanatosha. Maji mengi ambayo hayajaganda ni mabaya kuliko mkwaruzo wenyewe, na ukiona hayajakamata, inua mkono umwambie mwamuzi mkuu. Atakusubiri. Haraka ya ratiba isikutishe.

Njia nayo inasogezwa ili kona isichimbike mahali pamoja. Ndiyo sababu kuna vitone vya rangi mbalimbali kwenye barafu, kila rangi na njia yake. Tajeni rangi kwa sauti wewe na mwenzako, kila mmoja aweke zake, kisha badilishaneni kukagua. Bloku moja ikikaa kwenye kitone cha rangi nyingine, kona imebadilika umbo, na mtelezaji wa mchujo wa sita hajakimbia njia aliyokimbia wa mchujo wa kwanza. Hawa wanaachana kwa elfu za sekunde, na wengine wanasonga mbele kwa muda tu. Aliyepangiwa mchujo wa mwisho ana haki ya barafu ile ile aliyopata wa kwanza, na mwenye kumpa haki hiyo ni wewe na ndoo yako.

Neno kuhusu ulimi. Ukiwa ndani ya njia usishangilie, hata kama anayekimbia ni kijana wa klabu ya mwanao. Baada ya mbio kocha anaweza kukujia amekasirika, akuulize kama bloku ilikuwepo mtu wake alipopita, au nani alimsukuma nani. Msalimie kwa heshima, mwambie aende kwa mwamuzi mkuu. Mwamuzi mwenyewe akikuuliza, sema ulichokiona na kona uliyokuwa umesimama, kisha urudi kukagua vitone, maana mchujo unaofuata tayari uko mlangoni unafunga kofia.