Jibu: Boxer BM 150 iliyotumika au TVS HLX 125 mpya?

Mkuu, umeuliza uchukue pikipiki ya Boxer BM 150 iliyotumika au TVS HLX 125 mpya, kwa safari ya Mbagala hadi Posta kila siku, ukiwa peke yako. Nakushauri HLX. Kwa mtu mmoja kwenye lami, injini ya cc 125 inatosha kabisa. Nguvu ya 150 utaihitaji ukibeba abiria, mzigo, au ukipanda milima. Spea za zote mbili zinapatikana kirahisi.

Ukiipenda zaidi Boxer, ikague asubuhi injini ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili kwamba oili inaungua ndani: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Iweke kwenye stendi kubwa, utikise tairi la mbele. Likicheza, beringi zimekwisha. Halafu linganisha namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu, na iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki, herufi kwa herufi. Zikipishana, usitoe hata shilingi, bei iwe nzuri vipi.