Kubalansi stori siyo kugawa nusu kwa nusu

SWALI: Kaka, naandika stori ya kiwanda kinachoyeyusha betri za gari karibu na nyumba za watu. Daktari kapima damu za watoto kakuta risasi, yaani yale madini yenye sumu (lead). Kampuni imeniletea profesa anayesema kiwango hicho ni cha kawaida, utafiti zaidi unahitajika. Mhariri anataka pande zote zipate nafasi sawa. Niandikeje?

JIBU: Mdogo wangu, achana na kuhesabu aya, shika hilo neno "kawaida", maana naletewa kila mara na linaniudhi kweli. Kawaida ukilinganisha na nani?

Mwaka 1924 pale Bayway, New Jersey, Marekani, wafanyakazi 5 walikufa baada ya kuvuta dawa ya risasi ya kuchanganya kwenye petroli, wengine wakarukwa na akili. Magazeti yakapiga kelele. Halafu akaja Dk. Robert Kehoe, analipwa na haohao wenye dawa, akasema risasi mwilini ni kitu cha asili, kila mtu anayo, anayebisha alete ushahidi. Miaka 40 hivi yeye ndo alisikilizwa, mpaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alipoonyesha kwamba hiyo "kawaida" ni uchafu ulioshaingia kwa watu wote, yaani Kehoe alikuwa analinganisha wenye risasi na wenye risasi wenzao! Afrika kusini mwa Sahara petroli hiyo tumekuja kuachana nayo 2006.

Kwa hiyo profesa wako muulize nani anamlipa, kalinganisha na watoto wa wapi, na utafiti wake umechapishwa wapi. Daktari naye mbane, kapima watoto wangapi, maabara ipi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, iandike hiyo, kisha jibu la kampuni. Kujibu ni haki yao, ila haki ya kujibu haiwapi uzito sawa na damu iliyopimwa.

Na hii ni kwa wote, siyo kwako tu. Makanjanja wanapokea taarifa ya kampuni wanabadilisha kichwa cha habari tu wanarusha, eti "wataalamu watofautiana". Wataalamu gani, mmoja kalipwa! Hiyo ya "utafiti zaidi unahitajika" wenye sigara waliitumia miaka na miaka huku watu wanakufa, na haikanushi chochote, inanunua muda tu. Siku hizi inakuja na semina ya hotelini, posho, na bahasha ya nauli. Wakikualika kabla stori haijatoka, usiende.