Sola ya kituo cha wanyama porini: umeme wa wanyama usichanganywe na wa watu

Ukipewa kazi ya kufunga sola kwenye kituo cha wanyama yatima na majeruhi, huko ambako nguzo za stima hazijafika, tenganisha umeme wa wanyama na umeme wa watu tangu siku ya kwanza. Kila upande uwe na paneli zake, betri zake na nyaya zake. Nimefanya kazi hii upande wa Tsavo kwa miaka kadhaa, na somo hili nililipata kwa hasara.

Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa mmoja. Friji ya dawa, friza ya nyama, mashine ya ua wa umeme, kompyuta za ofisi, vyumba vya wafanyakazi na banda la wageni, vyote vilitegemea inveta moja kubwa, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Usiku mmoja wa Julai mgeni akachomeka birika la umeme, kifaa kinachokula wati 2,000 hivi. Mawingu yalikuwa yametanda siku tatu na betri zilikuwa hoi. Inveta ikajizima watu wakiwa wamelala. Alfajiri tulikuta ua hauna umeme, nyama ya kulisha mondo na tai imeanza kulegea, na dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zimeshika joto. Chanjo iliyoharibika kwa joto huwezi kuitambua kwa macho, kwa hiyo tulitupa zote. Asubuhi hiyo tulikuwa na pundamilia mwenye kidonda cha mtego aliyepaswa kuchomwa sindano ya pepopunda. Alingoja siku mbili mpaka dawa nyingine ifike kutoka Nairobi. Sijamsahau yule mnyama.

Basi kaa chini upige hesabu ya upande wa wanyama peke yake. Kwetu friji na friza za kufungulia juu, zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, hula kama uniti moja (kilowati-saa moja) kwa siku zikiwa pamoja. Mashine ya ua ya wati 15 haipumziki, nayo inafika uniti 0.36. Ukiongeza taa za mabanda na redio ya mawasiliano, jumla haizidi uniti 2. Ukitaka zikutoshe siku mbili bila jua la maana, betri ya lithiamu ya uniti 5 inatosha, maana si vizuri kuikamua zaidi ya asilimia 80. Za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji za uniti 8. Sisi tuliweka paneli nne za wati 330. Mafundi wengi hupiga hesabu kwa jua la Januari. Wewe piga kwa Julai, msimu ambao mvua hakuna lakini mawingu ya asubuhi hayaondoki upesi.

Maziwa usiyapashe kwa umeme kabisa. Ndama mchanga wa tembo hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na maji ya kukorogea maziwa ya unga lazima yachemshwe. Kazi hiyo ni ya gesi, ukisaidiwa na tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa.

Betri zinahitaji kivuli kama mgonjwa. Za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba cha mabati cha Tsavo saa nane mchana ni tanuri. Tulizijengea chumba cha mawe, paa la makuti, matundu ya hewa juu na chini.

Paneli zielekee kaskazini, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, na zilazwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua isafishe. Vumbi jekundu lifutwe alfajiri, kioo kikiwa bado baridi. Nyaya zote zipite ndani ya mabomba, chini ya ardhi: tembo wa porini hujikuna kwenye nguzo, na nyani hawezi kuona waya unaning'inia asiuvute. Ethi ya ua, yaani chuma kinachozamishwa ardhini kupeleka umeme chini, nayo iwe mbali na ethi ya nyumba, mita 10 au zaidi.

Mwisho tulinunua kipimajoto chenye king'ora cha friji ya dawa. Mwanzoni kilifungwa ofisini, ambako usiku hakuna mtu. Sasa king'ora kiko kwenye banda la ndama, kando ya kitanda cha mlezi, kwa sababu yeye huamka saa tatu usiku, saa sita, saa tisa na alfajiri, na chupa ya maziwa mkononi.